Jinsi oksidi inavyozuia chembe za platinamu kuungana

Ndani ya ekzosi ya gari la petroli kuna kopo, na kilichomo ndani yake mafundi wengi hukiita masega: tofali la kauri lenye vitundu vingi vyembamba, ambamo moshi hupita na kupunguzwa sumu. Platinamu, paladiamu na rodiamu zinazofanya kazi hiyo hazionekani kwa macho. Ni gramu chache tu, zilizotawanywa kuwa chembe za nanomita chache juu ya utando wa oksidi (metali iliyoungana na oksijeni) uliopakwa kwenye kuta za vitundu. Utando huo huitwa kibebeo. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu kazi yake kubwa si kubeba bali kushika.

Metali hizi ni vichocheo, yaani huharakisha mabadiliko ya kemia bila zenyewe kutumika, na kichocheo hufanya kazi kwa uso wake. Chembe ya platinamu yenye kipenyo cha nanomita 2 ina takriban nusu ya atomi zake usoni. Ikikua hadi nanomita 20, zinazobaki usoni ni kama 5 katika kila 100. Nyingine zimefungiwa ndani, hazikutani na gesi kabisa. Platinamu haijapungua hata kidogo, lakini sehemu kubwa yake haina kazi tena. Huku kuungana na kukua kwa chembe kwa sababu ya joto ndiko wanakemia wanakokuita sintaringi.

Mtu atauliza: platinamu huyeyuka kwenye nyuzi 1768 za Selsiasi, na moshi wa gari haufiki huko, sasa inaunganaje? Haihitaji kuyeyuka. Wataalamu hukadiria kwamba metali ikifika nusu ya kiwango chake cha kuyeyuka, kikipimwa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273), atomi zake huanza kuhama kwa urahisi. Kwa platinamu hiyo ni kama nyuzi 750 za Selsiasi, na atomi za usoni huanza mapema zaidi.

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza chembe nzima huteleza juu ya kibebeo, hukutana na jirani yake na kuwa moja, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Katika ya pili, inayobeba jina la mwanakemia Wilhelm Ostwald, atomi mojamoja hutoka kwenye chembe ndogo, ambako zimeshikwa kwa ulegevu, na kuhamia kwenye chembe kubwa. Kukiwa na oksijeni na joto kali platinamu hugeuka kuwa oksidi inayopaa kama mvuke, hivyo atomi husafiri hata hewani.

Kibebeo cha kawaida ni alumina, yaani oksidi ya alumini, ya aina iitwayo gama. Ina vinyweleo vingi kiasi kwamba gramu moja huwa na uso unaozidi mita za mraba 100, na nafasi hiyo huziweka chembe mbali moja na nyingine. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000 hivi alumina yenyewe hujikunja na kugeuka aina nyingine yenye uso mdogo sana, ikizifukia chembe. Ndiyo maana huongezewa metali ya lantani kidogo ili istahimili.

Lakini nafasi peke yake haitoshi; panahitajika kifungo cha kemia. Hapo ndipo seria, oksidi ya madini ya seriamu, inaposhinda. Mwaka 2006 watafiti wa Toyota walionyesha kwamba baada ya kuchomwa hewani kwenye nyuzi 800, platinamu iliyo juu ya oksidi yenye seria ilibaki chembe ndogo, wakati ile iliyo juu ya alumina ilikua sana. Sababu waliyoitaja ni kwamba atomi ya platinamu hujifunga na oksijeni ya seria, nayo oksijeni hiyo imefungwa kwa seriamu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 2016, la kundi la Abhaya Datye wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Walichanganya unga wa alumina yenye platinamu na unga mtupu wa seria, wakauchoma hewani kwenye nyuzi 800. Platinamu ilipaa kutoka kwenye alumina ikanaswa kwenye kingo za vidato (ngazi ndogondogo) vya uso wa seria, atomi mojamoja. Mvuke uleule unaoharibu vichocheo vingine ndio ulioitawanya upya.

Hata hivyo kushikwa sana nako kuna hasara. Mwaka 1978 watafiti wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliripoti kwamba metali za kundi la platinamu juu ya oksidi ya titani, zikipashwa kwenye haidrojeni hadi nyuzi 500, karibu hazipokei tena gesi. Baadaye ilijulikana kwamba oksidi hupanda juu ya chembe na kuzifunika. Atomi zilizonaswa na seria nazo zilikuwa nzito kufanya kazi gari likiwa bado baridi. Dawa ilipatikana mwaka 2017: kupitisha mvuke wa maji kwenye nyuzi 750, ambao huiamsha oksijeni iliyo jirani na platinamu, na kichocheo kikaanza kuichoma monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, vizuri kwenye nyuzi 150 tu, huku atomi zikibaki zimetawanyika.