Pezi dogo lililobadili mchezo wa mawimbi

Historia ya kuteleza mawimbini ikisimuliwa, wengi huanza na mbao ndefu za Hawaii. Sina ubishi, maana huko ndiko mchezo huu ulikokomaa. Machifu walikuwa na olo, ubao mnene uliochongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili. Alaia, mfupi na mwembamba, ulitumiwa na watu wa kila tabaka. Olo ya chifu Abner Pākī ipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Bishop, Honolulu, na urefu wake unakaribia mita 5. Kuifikisha majini tu ni kazi.

Mimi nikipata ubao wa zamani, kwanza naugeuza nitazame tumbo lake. Kule kwenye tezi, yaani mwisho wake wa nyuma, hukuti kitu, ni laini tupu. Ubao wa namna hiyo ukilikata wimbi kwa mshazari, unashikiliwa na ukingo mmoja peke yake. Wimbi likisimama wima, tezi inachomoka, inaporomoka kando, na aliye juu anakwenda nayo. Aliyetaka kugeuka aliburuza mguu majini.

Mwaka 1935, huko Waikiki, Hawaii, Mmarekani Tom Blake alichukua mkuku, ule uti wa chini, wa mashua ya kasi iliyotelekezwa, akaufunga chini ya ubao wake, ukawa pezi. Siri yake si kubwa: tezi ikitaka kwenda kando, inabidi pezi lisukume maji kwa ubavu wake wote, na maji hayakubali. Kwenda mbele, linapita kama kisu. Ajabu ni kwamba wenzake hawakulikimbilia, na lilichukua miaka kuenea.

Kisha yakaja mapezi mawili. Mark Richards wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na ubao wa aina hiyo ndio uliompa jina. Unageuka upesi mno, ila kwenye mawimbi makubwa unamponyoka mtu mzito. Simon Anderson, Mwaustralia mwenzake, alikuwa pande la mtu. Akaongeza pezi la tatu, katikati, nyuma ya yale mawili. Mwaka 1981 akashinda mashindano ya Bells Beach, Australia, bahari ikiwa imechafuka kwelikweli, halafu yale ya Pipeline Masters, Hawaii, mwaka huohuo. Hataza hakusajili, kwa hiyo wachongaji wa kila pwani wakaiga bila kumlipa, na mbao nyingi zinazouzwa leo zina mapezi matatu.