Sheria ya usalama isome kuanzia mwisho

Kazi yangu ni kusoma rasimu za sheria na kanuni za usalama wa umma kabla hazijapitishwa, kifungu kwa kifungu, naangalia nani anapewa mamlaka gani na anaweza kuyatumia kwa nani. Watu wakishajua hilo swali huwa moja tu: sasa wewe uko upande gani, wa usalama au wa uhuru? Likiulizwa hivo kwa kweli sina jibu lake. Kila mtu anataka kufika nyumbani mzima na kila mtu hataki kufuatwafuatwa, tena ni mtu yule yule, siku ile ile. Swali ambalo mimi naona ndo lenyewe ni hili: serikali ikishapewa hii nguvu, siku sababu yake ikiisha nani ataichukua, na kwa njia gani? Ndo maana nikiletewa rasimu naanzia nyuma, kwenye vifungu vya mwisho, kwa sababu huko ndiko kunakoandikwa (kama kumeandikwa) inaisha lini, nani anaikagua, na taarifa za watu zinaenda wapi.

Niseme mapema kwamba sheria za usalama nazitetea. Mwaka 1960 kampuni moja iliomba kibali cha kuuza thalidomaidi Marekani, dawa ya usingizi na kutuliza ambayo tayari ilikuwa inauzwa Ujerumani Magharibi na nchi nyingine nyingi, hadi wajawazito wakawa wanaimeza kupunguza kichefuchefu. Faili likamwangukia Frances Kelsey, daktari aliyekuwa mgeni kabisa kwenye mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, yeye akasema ushahidi wa usalama hautoshi, wakamsukuma, akaomba data zaidi, wakamsukuma tena, akashikilia pale pale. Mwishoni mwa 1961 ikajulikana ile dawa inaharibu viungo vya mtoto akiwa tumboni, na duniani kote wanakadiriwa watoto 10,000 au zaidi walizaliwa wameathirika. Hakuna mama ambaye angeligundua hilo kwa kusoma karatasi iliyomo kwenye boksi la vidonge. Uhuru wa kuchagua hapo haukufikishi popote maana huna unachojua cha kuchagulia, na serikali ikikaa pembeni inakuwa imekutelekeza.

Mkanda wa gari nao. Jimbo la Victoria kule Australia ndo lilianza duniani kulazimisha watu waufunge, mwaka 1970, na hoja ya kuupinga iko vile vile hadi leo, mwili wangu, gari langu, nikifa nimekufa mimi. Ila abiria wa siti ya nyuma asiyefunga, gari likigonga anarushwa mbele kwa kasi ile ile gari iliyokuwa nayo na kumponda aliyekaa mbele yake, hata kama yule alifunga wa kwake. Halafu angalia kinachodaiwa kwako: sekunde chache, hauzuii uende popote, hauandiki ulikwenda wapi na nani, ukishuka umeisha. Hicho cha kuisha nakisisitiza kwa sababu watu wengi wanapima sheria kwa ukubwa wa usumbufu wake wa leo, wakati usumbufu wa leo mara nyingi ndo sehemu ndogo kabisa.

Ugumu unaanzia kwenye mtu kama Mary Mallon. Huyu alikuwa mpishi New York, alikuwa na bakteria wa homa ya matumbo mwilini ila yeye mwenyewe haumwi, na familia alizozipikia zikawa zinaugua. Mwaka 1907 wakamchukua wakamtenga kisiwani, bila kesi, bila tarehe ya kutoka. Mwaka 1910 wakamwachia kwa sharti asipike tena, akafanya kazi ya kufua nguo, malipo yakawa madogo kuliko ya upishi, akabadili jina akarudi jikoni, na mwaka 1915 wagonjwa wapya 25 wakapatikana kwenye hospitali ya wazazi alikokuwa anapika. Wakamrudisha kisiwani, akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1938. Ukinisimulia nusu ya habari hii nitasema alistahili kuzuiwa, watu walikufa. Lakini nusu nyingine ni kwamba jiji lile liliwajua watu wengine kadhaa wenye hali kama yake, na hawakufungiwa maisha. Na kwamba waliomwambia acha upishi hawakumpa kazi nyingine ya kumlisha sawasawa. Kumlipa mtu asipike ni rahisi kuliko kumlinda kisiwani zaidi ya miaka 20, na ingelinda watu wengi zaidi maana asingekuwa na sababu ya kujificha. Sheria ikimwambia mtu achague kati ya kutii na kula, wengi watachagua kula, kisha serikali itashangaa kwa nini wanadanganya majina.

Kwa hiyo kuna maswali ya kawaida ambayo mahakama nyingi duniani zinayauliza siku hizi na mimi nayauliza pia: lengo ni la kweli? hatua hii inalifikia? hakuna njia nyepesi zaidi inayofika pale pale? mzigo unalingana na faida? Kanuni za Siracusa za mwaka 1984, za wataalamu wa sheria za kimataifa, zimeandika karibu hayo hayo kwa nchi zinapotaka kubana haki za watu wakati wa dharura. Ni maswali mazuri na sitayapitia moja moja. Shida yangu nayo ni kwamba yanapima sheria siku ya kuzaliwa kwake tu.

Chukua kesi ya Jacobson. Mwaka 1905 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilimkatalia Jacobson, mchungaji mmoja wa Massachusetts aliyegoma kuchanjwa ndui wakati wa mlipuko, adhabu yake ilikuwa faini ya dola 5. Uamuzi ule kwa ishu iliyokuwepo mezani mimi siupingi, ndui ilikuwa inaua watu, faini yenyewe ndogo, na majaji walisema wazi kwamba mamlaka hayo yana mipaka yake. Sasa songa mbele miaka 22. Mwaka 1927 mahakama ile ile inaruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa nguvu Carrie Buck, msichana waliyemwita mwenye akili pungufu, na kesi waliyoitaja kama msingi ni ile ile ya chanjo. Kutoka kuchanjwa kwa sababu ya mlipuko hadi kukatwa mirija ya uzazi kwa sababu ya nadharia mbovu kuhusu damu na ukoo! Zaidi ya watu 60,000 Marekani walifungwa vizazi kwa sheria za aina hiyo. Aliyeandika uamuzi wa 1905 hakuandika hivo ili 1927 itokee. Lakini mamlaka ukishayatoa kwa maneno mapana, yanamsubiri mtu mwingine mwenye nia nyingine.

Kinachonigusa zaidi ni mfano wa vitambulisho Uingereza. Vita ilipoanza 1939 wakapitisha sheria ya kila mtu kuwa na kitambulisho, sababu zikaeleweka, kuandikisha wanajeshi, kugawa chakula kwa mgao, kujua watu wako wapi. Vita ikaisha 1945, vitambulisho vikabaki. Polisi wakazoea, wakikusimamisha kwa jambo lolote lile wanataka kukiona. Desemba 1950 wakamsimamisha dereva anaitwa Clarence Willcock, akakataa kukitoa, akapelekwa mahakamani. Rufaa yake ikasikilizwa 1951 na kisheria alishindwa, maana sheria ilikuwa bado hai, hakuna aliyeiua, lakini hakupewa adhabu, na Jaji Mkuu Goddard akawakemea polisi kwamba kutumia sheria ya vita kwa mambo ya kawaida kunawageuza raia wema kuwa wavunja sheria na kuwafanya wachukie polisi. Februari 1952 vikafutwa. Yaani ilihitajika dereva mmoja mbishi kukomesha kitu ambacho bunge lingekimaliza kwa mstari mmoja tangu 1939.

Na siku hizi nguvu yenyewe imehama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye data, ambayo hainyauki wala haichakai. Machi 2020 Singapore ilitoa apu ya TraceTogether ya kufuatilia waliokuwa karibu na mgonjwa wa korona. Waziri aliwaambia wananchi data ni kwa ajili ya kazi hiyo tu. Januari 2021 bungeni ikaelezwa kwamba polisi wanaweza kuichukua kwenye upelelezi wa makosa ya jinai, kwa sababu sheria ya mwenendo wa jinai ilikuwa inawaruhusu tayari, na walikuwa wameshaitumia kwenye kesi ya mauaji. Watu waliumia, na mimi nawaelewa kabisa, waliitikia wito kwa hiari wakiamini neno walilopewa. Serikali ikapitisha sheria Februari ile kubana matumizi hayo kwenye aina saba za makosa makubwa. Afadhali, ila imani ilishavuja. Ujerumani nako walianza na mpango wa kukusanya kila kitu kwenye seva moja, wataalamu wakapiga kelele, Aprili 2020 wakabadili, apu iliyotoka Juni ikawa simu zinabadilishana namba za kubahatisha kwa bluetooth na rekodi ya nani alikaribiana na nani inabaki kwenye simu zenyewe na kufutika baada ya siku 14. Hapo hata kiongozi mbaya akija kesho hana ghala la kufungua. Mtu anayesema "kama huna cha kuficha unaogopa nini" nampa mfano huu, maana hujui atakayelishika hilo ghala baada ya miaka kumi ni nani na atakuwa anatafuta nini.

Basi tufanyeje, tarehe ya ukomo? Ndiyo, ila tarehe peke yake haitoshi na hapa ndipo rasimu nyingi zinapokwama. Sheria ya usalama ya Marekani iliyopitishwa Oktoba 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba ilikuwa na vifungu vilivyotakiwa kufa mwisho wa 2005. Kifungu namba 215 kiliongezewa muda mara kadhaa hadi kilipokufa Machi 2020, na katikati hapo, mwaka 2013, ikafichuka kwamba kilikuwa kinatumika kukusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu ambao hawashukiwi chochote. Kila ilipofika tarehe, mbunge alikuwa anaulizwa unataka kuondoa ulinzi? Hakuna anayetaka kuonekana yeye ndo kauondoa. Na hali za hatari nazo hivo hivo, Misri ilikaa chini yake tangu 1981 hadi 2012, Syria tangu 1963 hadi 2011, mtoto anazaliwa ndani ya dharura anakuwa mzazi ndani yake.

Uingereza kwenye sheria yake ya korona ya 2020 walijitahidi zaidi: mamlaka mengi ya muda yalipewa miaka miwili, na bunge lipige kura kila miezi sita. Ukiisoma kwa makini unakuta tatizo jingine, ile kura ilikuwa ya ndiyo au hapana kwa vyote kwa pamoja. Mbunge hakuweza kusema nabakiza msaada kwa wagonjwa nafuta mamlaka ya kuzuia watu. Ukifunga kitu kizuri na kibaya kwenye fungu moja, kibaya kinapita.

Kwa hiyo ninachokidai kwenye rasimu siku hizi ni kwamba kila mamlaka yawe na saa yake yenyewe, yasifungwe kwenye fungu. Kuongeza muda kuwe kazi, kuisha kuwe kwenyewe, yaani bila kura mamlaka yanakufa. Kabla ya kura iwepo ripoti ya wazi inayosema yalitumika mara ngapi, wapi, kwa watu gani, maana mwaka 1900 San Francisco waliweka karantini ya tauni wakaizungusha kamba kwa namna ambayo nyumba za Wachina ziko ndani na za wazungu jirani ziko nje, na mahakama ikaivunja baada ya kuona nani yuko ndani na nani yuko nje. Bila hesabu kama hiyo hutajua. Aliyezuiwa aweze kufika kwa hakimu ndani ya siku chache. Data ifutwe siku mamlaka yanapokufa, na sheria iseme kwamba hakuna sheria nyingine inayoweza kuifungua, kwa sababu mlango wa Singapore ulikuwa kwenye sheria nyingine kabisa.

Hoja ninayopewa kila mara na maofisa, na naichukulia kwa uzito kwa sababu wengi wao wanataka kweli kulinda watu, ni kwamba tarehe itafika hatari ikiwa bado ipo. Sawa, ikifika na hatari ipo rudini bungeni na ushahidi wenu. Ile sheria ya Marekani ya 2001, kubwa vile, ilisainiwa siku 45 tu baada ya mashambulizi. Wabunge wakiona hatari hawachelewi kutoa mamlaka.