Usiukimbilie msafara: ujuzi wa pikipiki hujengwa ukiwa peke yako

Wengi wanaokuja kwenye mafunzo yetu na pikipiki yao ya kwanza huuliza mapema: nitaweza lini kwenda na wenzangu Jinja, Masaka au Fort Portal? Hakuna ubaya katika kuuliza hivyo. Ubaya uko kwenye dhana iliyojificha nyuma ya swali, kwamba msafara wenyewe ndio shule na ukiwafuata wakongwe utajifunza njiani. Ndani ya msafara, sehemu kubwa ya akili yako inamwangalia aliye mbele, inamsikiliza aliye nyuma, na inahofia kuachwa. Inayobaki kwa ajili ya shimo, ng'ombe na lori linalokuja ni ndogo. Kama bado klachi na breki unazifikiria kabla ya kuzishika, haibaki kabisa.

Sheria ya Uganda niipitie haraka. Pamiti ya gari, daraja B, haikupi ruhusa ya kuendesha pikipiki. Unahitaji daraja A. Helmeti ni lazima kwa dereva na kwa abiria, na iwe imefungwa kidevuni. Ile inayobembea kwenye usukani mpaka uone askari wa trafiki hukukinga na faini tu.

Sasa breki, kwa sababu hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko popote. Vijana wengi wamefundishwa na kaka au rafiki anayeendesha boda, na wameambiwa wasiiguse breki ya mbele, eti itawarusha. Hivyo wanakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linakwama, pikipiki inaserereka na lori linazidi kukaribia. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki na wako huhamia mbele. Tairi la mbele hushika lami zaidi na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, mradi uikamue hatua kwa hatua badala ya kuinyakua ghafla. Kwenye marram (barabara ya udongo isiyo na lami) yenye kokoto, legeza ya mbele na utegemee ya nyuma zaidi, na anza kupunguza mwendo mapema.

Tafuta uwanja mtupu, mkavu. Anza kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, na kila mara pima kwa hatua za miguu ni wapi umesimama. Utajionea mwenyewe kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka takriban mara nne. Na kabla hata mkono haujafika kwenye breki, ukiwa kwenye 80 unasafiri mita 22 kila sekunde. Rudia zoezi hilo mpaka lichoshe. Ukichoka nalo ndipo linaanza kuwa lako.

Zoezi la pili halipendwi kwa sababu halina sifa mbele za watu: kwenda polepole. Kugeuza pikipiki kwenye njia nyembamba, klachi ikiwa nusu, mguu ukiwa juu ya breki ya nyuma, macho yakitazama unakotaka kwenda na si chini ya tairi. Vilima vya Kampala vitakupa somo la kuanza kuondoka mlimani bila malipo, huku teksi nyuma yako ikipiga honi.

Kutoka hapo, panda ngazi kwa kuchagua barabara na saa. Jumapili alfajiri mjini ni tofauti sana na Ijumaa jioni. Ukishazoea foleni, ambako teksi husimama popote abiria anapoinua mkono na boda hupenya kulia na kushoto, nenda barabara kuu peke yako, kipande kifupi, na urudi. Barabara ya Jinja ni mwalimu mzuri na mkali: wauza kuku wa kuchoma wa Namawojjolo na Najjembe hukimbilia magari, matrekta ya miwa hutambaa karibu na Lugazi, na ndani ya msitu wa Mabira kivuli cha miti huifanya lami ikawie kukauka. Mvua nayo usiikwepe milele. Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye utelezi mbaya, maji yanapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika. Anza na manyunyu kwenye barabara unayoijua, kwa mwendo mdogo.

Watu hutaka niwatajie idadi ya miezi. Siitaji, kwa sababu kuna aliyeendesha mwaka mzima kutoka Ntinda, kitongoji cha Kampala, hadi ofisini tu, na hajawahi kukutana na upepo wa lori linalompita akiwa kwenye 80.

Kwa nini msafara humchosha mgeni? Kiongozi akifika kwenye tuta hupunguza hadi 20, akilivuka anarudi kwenye 80. Wa pili analifikia tuta lilelile baadaye kidogo, anapunguza wakati kiongozi ameshaondoka. Pengo hukua kwa kila mmoja. Wa nane anapovuka, wenzake hawaonekani, na ili kuwafikia anakwenda 110 pale ambapo kiongozi hakuzidi 80. Ndiyo maana kumweka mgeni mkiani ni kumtesa. Nafasi yake ni ya pili, nyuma ya kiongozi, na mkiani akae mzoefu.

Kulipita gari ni hatari zaidi. Nafasi aliyoiona kiongozi ni yake peke yake. Wewe ukienda 80 na gari linalokuja likienda 80, mnakaribiana mita 44 kila sekunde. Ukimfuata sekunde tatu baadaye, zimeshapotea zaidi ya mita 130. Baki nyuma ya lori mpaka uone njia kwa macho yako. Kwenye lami iliyonyooka, pikipiki hupangwa kwa kupishana, mmoja kulia mwa njia, anayefuata kushoto, na sekunde mbili kati yako na aliye mbele yako upande uleule. Kwenye kona, marram au barabara nyembamba, mpangilio huo huvunjwa na kila mtu hukaa kwenye mstari mmoja.

Safari yako ya kwanza iwe na watu watatu au wanne, mchana, kwenye barabara uliyokwisha kuipita peke yako. Kabla ya kuwasha injini, mwambie kiongozi kwamba wewe ni mgeni, na mkubaliane mtasubiriana wapi: kituo cha mafuta Mukono, kwa mfano, kisha Lugazi. Ukijua utasubiriwa, huna sababu ya kumfukuza mtu. Na kiongozi akilicheka ombi hilo, waache waende. Jinja unaweza kuifikia siku nyingine, na watu wengine.