Fo wili peke yake haikutoi kwenye tope

Mtu akitafuta pikapu ya mtumba, iwe Hilux au L200, swali la kwanza ni ina fo wili, yaani injini inazungusha matairi yote manne? Akijibiwa ndiyo basi, anaamini hata masika haikwami. Sio hivyo. Nyingi za zamani difu zake (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia) ni za kawaida, hazina loki ya kuyafunga yazunguke pamoja, na difu ya hivyo inaliachia tairi lililo jepesi kuzunguka lizunguke tu, kwa hiyo umeweka fo wili vizuri kabisa halafu tairi moja la mbele na moja la nyuma yakateleza au yakaning'inia, hayo mawili yanazunguka bure na gari liko palepale. Loki ya difu ya nyuma na matairi yenye meno vinasaidia sana (na matairi watu wanayaangaliaga mwisho!).

Mi kama gari ni la kubebea tofali na mchanga wa kujengea, ningeanza kulala chini na tochi nicheki kutu ya chesisi. Fo wili ijaribu kwenye udongo, sio lami kavu, maana nyingi hazina difu ya katikati ya kuruhusu matairi ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo, ukikata kona gia zinabana.