Biashara kando ya Ziwa Singidani: mtafute kwanza mteja wa Jumanne

Ukitaja utalii, wengi wetu tunawaza Serengeti na Zanzibar: mgeni kutoka Ulaya, kamera shingoni, dola mfukoni. Ndiyo maana vijana wanaokuja kuomba ushauri wa kufungua biashara Singida mjini, pale ziwani, huanza kwa kuuliza mzungu atapatikanaje. Sisi huwarudishia swali: Jumanne saa nane mchana, nani yuko pale ufukweni na ana njaa?

Mji wa Singida una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Kuna majabali, kuna upepo, na kuna majira ambayo heroe, ndege ambao watu wengi huwaita flamingo, hutua kwa wingi. Lakini mteja wa wiki hadi wiki ni Mtanzania mwenzako: mtumishi aliyekuja semina kutoka Dodoma, familia inayotoka Jumapili baada ya ibada, mwanachuo, abiria wa basi la Mwanza, dereva wa lori linaloelekea Rwanda. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na wapo wanaodhani wageni watamiminika huku. Watafika Dodoma, ndiyo. Kutoka hapo bado wana safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo usiiweke treni kwenye hesabu zako za mwaka huu.

Wala usiwaweke heroe. Maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji. Mvua za Desemba hadi Aprili zikizidi, maji hupanda na chumvi hupungua ukali. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma. Vijimea vidogo ambavyo heroe hula hubadilika kadiri maji yanavyobadilika, nao ndege huhama bila kuaga.

Kupanda kwa maji kuna jambo jingine, na hapa ndipo mitaji mingi hupotelea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtu anamwaga zege hatua chache kutoka majini kwa sababu hapo ndipo picha zinapendeza, halafu ama maji yanamfuata au anafuatwa na barua ya kubomoa. Anza na meza, viti vya plastiki na mwavuli, vitu unavyoweza kuvibeba jioni. Kabla ya kukodi eneo, mwone afisa mazingira wa manispaa akuonyeshe mpaka kwa macho. Maneno ya dalali hayatoshi.

Sasa tuje kwenye kuku, maana huwezi kuzungumzia Singida ukamruka. Kuku wa kienyeji wa Singida hahitaji tangazo. Jina lake liko Dar es Salaam siku nyingi. Uzuri wake kibiashara ni kwamba akiwa hai haozi. Anayechinja kumi asubuhi kwa matumaini atalala na sita. Anayeweka namba ya simu kwenye kibao na kuchinja kwa oda hapotezi kitu, ila amweleze mteja mapema kwamba kuku huyu ni mgumu, ataiva kwa zaidi ya saa moja. Abiria wa basi hana saa hiyo. Yeye muuzie mafuta ya alizeti au asali, bidhaa anayoinyakua dirishani.

Tuchukue mfano. Kuku umemnunua 18,000, mkaa na viungo na ndizi 4,000, boda kutoka sokoni 1,000. Ukimuuza 30,000 umebakiwa na 7,000. Jumanne umeuza watatu: 21,000. Msaidizi mpe 7,000, maji safi ya kunawia na kuoshea vyombo 3,000 (ya ziwani ni ya chumvi, hayakufai), na wewe unabaki na 11,000. Hapo hujala, na kodi ya eneo hujaigusa. Bei za kwako zitakuwa tofauti. Ziandike mwenyewe, siku kwa siku, kwenye daftari la mistari.

Daftari hilo lina thamani hata mbele ya TRA, mamlaka ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ukiuza milioni 5 na una kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Huna kumbukumbu? Unalipa 100,000. Sielewi kwa nini watu bado wanaogopa kuandika.

Asali, hasa ya upande wa Itigi, ina soko zuri lakini inauzwa vibaya. Chupa ya maji iliyotumika, haina lebo, na mnunuzi anaanza kuuliza kama haijachanganywa na sukari. Nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakufundishe ufungashaji na wakuandikie barua ya kukutambulisha TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula.

Makaratasi mengine si mengi. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA, jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, leseni iko halmashauri, na wanaogusa chakula wapime afya. Mfanyabiashara mdogo kabisa aulizie kitambulisho chake ofisi ya kata.

Mkopo uje mwisho. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopa kwa kikundi. Ushauri wetu ni kufanya biashara miezi mitatu kwa hela yako kidogo, Jumanne zote zikiwemo, kisha uende na daftari kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Daftari ndilo litakaloonyesha kama unachohitaji ni jiko la pili au friji, au kama ni kuhamia stendi tu.