Ukilipa Kiingilio Bado Hujapanda: Dhana Potofu Kuhusu Bustani za Michezo za Ng'ambo

Tangu nirudi Tanga na wanangu watatu kutoka kwa kaka yangu anayeishi Ulaya, haipiti wiki bila mtu kuniuliza kuhusu ile siku tuliyokwenda bustani ya michezo, yaani zile sehemu kubwa za kiingilio zenye treni na vyombo vya kupanda kwa furaha. Hapa Ngamiani wengi wana ndugu Dubai, Ufaransa au Uingereza, na wanaoniuliza wanajiandaa kweli kwenda kuwatembelea. Tatizo ni kwamba kila mmoja anakuja na jambo aliloambiwa na jirani au shemeji, na mengi kati ya hayo si kweli. Naanza na lile lililotuuma sisi wenyewe.

"Ukishalipa kiingilio, mtoto anapanda chochote."

Hapana. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 7, na mimi nilidhani miaka 7 inatosha kwa kila kitu. Mlangoni mwa mchezo aliokuwa akiuzungumza tangu tukiwa huku Tanga palikuwa na ubao wenye mstari kwenye sentimita 120. Msichana wa kazi alimsimamisha pale, akamwomba ashushe visigino, maana kumbe alikuwa amenyanyuka kwa vidole vya miguu, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Ikabaki nafasi ya vidole viwili. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni karibu saa nzima. Mtoto hakupiga kelele. Aliugeukia ukuta akalia kimya kimya, na kilio cha namna ile kinamkata mzazi maini.

Kinachopimwa ni kimo, si umri, na kila mchezo una kimo chake hata ndani ya bustani moja. Disneyland Paris, kwa mfano, treni ya Big Thunder Mountain inataka sentimita 102, Hyperspace Mountain 120, na ile ya Indiana Jones 140. Hapo hakuna kubembeleza wala "huyu nitampakata mimi." Chuma kinachoshuka mapajani au kifuani kimetengenezwa kumbana mtu mwenye mwili wa kiasi fulani. Treni inapovuka kilele na kuanza kuteremka, mwili unataka kunyanyuka kutoka kwenye kiti, na mtoto mfupi anaweza kuchomoka chini ya chuma. Mikono ya mama haiwezi kumzuia. Yule msichana alifanya kazi yake, kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo kabla hujafunga begi, mpime mtoto nyumbani. Azima futi ya fundi cherehani, mtoto asimame pekupeku, visigino vigusane na ukuta, weka kitabu bapa juu ya kichwa, tia alama. Halafu ingia kwenye tovuti ya bustani mnayokwenda, uandike michezo anayoruhusiwa. Mwambie mapema yote mawili: atakayopanda na asiyoweza. Akilijua jambo akiwa Tanga hatalilia akiwa mlangoni.

"Umeme ukikatika, treni ile inaanguka na watu."

Swali hili naulizwa kuliko yote, na naelewa kwa nini. Lakini treni hizo za kupanda vilele na kuteremka kwa kasi, zinazoitwa rolakosta, nyingi hazina injini ndani yake. Mnyororo unaivuta treni hadi kilele cha kwanza, ndipo inaachiwa, na kuanzia hapo inakwenda kwa uzito wake mwenyewe, kama baiskeli kwenye mteremko. Ndiyo maana kilele cha kwanza kwa kawaida ndicho kirefu kuliko vyote. Msuguano unapunguza kasi, kwa hiyo vinavyofuata lazima viwe vifupi zaidi.

Ile sauti ya kla-kla-kla wakati wa kupanda, ambayo bibi yetu mmoja alidhani ni chuma kibovu, ni sauti ya usalama. Chini ya treni kuna ndoana inayodondokea meno ya reli moja baada ya jingine. Mnyororo ukisimama, ndoana inashika jino, treni hairudi nyuma. Magurudumu nayo yako ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini yake, kwa hiyo treni imeikumbatia reli pande zote. Mfumo huo wa gurudumu la chini ulibuniwa na Mmarekani John Miller, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Breki za hewa nazo hutengenezwa ili zikikosa nguvu zijifunge, zisiachie. Umeme ukikatika, kinachotokea ni kusimama, kisha mnasubiri mafundi waje kuwashusha kwa ngazi.

Kuna wanaoamini pia kwamba treni ikipinduka juu chini, mkanda peke yake ndio unaowashikilia. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa anajua jibu. Ukizungusha kwa kasi, maji hayamwagiki. Kwenye duara la reli, kasi inamsukuma mtu kwenye kiti chake, na mkanda upo kama kinga ya ziada.

"Kichefuchefu ni kwa sababu umeshiba."

Kushiba kunaongeza, lakini chanzo ni sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu inayouambia ubongo mwili unakwenda wapi. Macho yakisema tofauti na sikio, ubongo unachanganyikiwa na kigegezi kinakuja. Ni kulewa bahari kule kule. Wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga watakwambia utazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na ushauri huo unafaa kwenye treni pia: tazama mbele reli inapoelekea, usiinamishe kichwa wala usifumbe macho.

"Mtoto mdogo haihitaji viza."

Anaihitaji. Kwa nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwamo, kila Mtanzania mwenye pasi ya kawaida anaomba viza, hata mchanga wa miezi mitatu. Kinachotofautiana ni ada: mtu mzima euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 euro 45, na chini ya miaka 6 bure. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia miaka 12. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi siku 15 za mwisho. Na tiketi ya bustani, hata uwe umeilipia yote, haimpi mtu viza. Ninamfahamu mama aliyenunua za watu watano kwanza, viza ikakataliwa, fedha haikurudi. Viza kwanza, kiingilio baadaye.

"Disneyland ipo Dubai."

Haipo. Ya kwanza ilifunguliwa California mwaka 1955, ikafuata ya Florida mwaka 1971, Tokyo 1983, Paris 1992, Hong Kong 2005 na Shanghai 2016. Mwezi Mei 2025 ilitangazwa kwamba nyingine itajengwa kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, lakini kutangaza si kufungua, na ndiyo maana watu wanachanganya. Kilichopo Dubai ni bustani nyingine, kama Legoland, na Abu Dhabi kuna Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, yenye treni inayofika kilomita 240 kwa saa. Kwa familia ya Tanga naipenda Emarati kwa sababu mbili: chakula halali kipo bila kutafuta, na baadhi ya bustani hizo, kama Ferrari World, ziko ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Ulaya itabidi uulize kabla ya kula, au ushike samaki na mboga.

"Mkiwa na mtoto mchanga, mmoja wenu atakosa michezo."

Si lazima. Bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa kubadilishana: baba anapanga foleni na kupanda, mama anabaki na mtoto, kisha mama anapanda bila kuanza foleni upya. Muulize mhudumu wa mlangoni kabla hamjasimama, maana wasipoulizwa mara nyingi hawasemi.

"Siku ni siku, popote duniani."

Huku kwetu jua linazama saa 12 na ushei mwaka mzima. Paris mwezi Juni linazama karibu saa 4 usiku. Wanangu walikuwa wakiona jua bado liko juu wakakataa kukubali kwamba usiku umeingia, miguu imechoka, macho yamewaiva, lakini jua lipo. Mimi nilikuwa nikisubiri Magharibi ambayo haiji. Desemba ni kinyume: kufika saa 11 jioni giza limeanza kutanda, na baridi inauma masikio. Kwa hiyo angalia saa, usiangalie jua. Saa 8 mchana tulikaa chini ya mti kwa saa nzima, mdogo akalala mapajani mwangu, na saa ile ndiyo iliyotuwezesha kufika jioni bila ugomvi.

Ile alama ya mwanangu tuliichora kwenye fremu ya mlango wa jikoni siku tuliyorudi, kwa kalamu ya mkaa: sentimita 117. Kila mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe na futi ya fundi, anavua ndara, anasimama. Juzi ilikuwa 119 na nusu, na safari hii visigino vilikuwa chini.