Ati kwa sababu imekubali?

Huu ni msimu wa wanafunzi wetu wa kompyuta kutetea miradi ya programu ya mwaka wa nne na nimeambiwa tena maneno yaleyale: "Lakini Dokta, si imekubali?", yaani programu si imefanya kazi? Mwanafunzi amefungua laptopu, amejaza wanachama watatu wa chama, amebonyeza kitufe, jumla imetokea, kwake kesi imeisha. Haijaisha. Imekubali na zile namba ulizochagua wewe, na ulizichagua kwa sababu ulijua zitakubali.

Hebu tuchukue huo mfumo wa chama, programu ya kutunza hesabu za kikundi cha akiba, maana kila mwaka lazima uje. Gawa faida ya shilingi 1,000 kwa watu watatu. Kila mmoja anapata 333.33, ukijumlisha unapata 999.99. Senti moja iko wapi? Naambiwa hiyo ni ndogo. Si ndogo hata kidogo, mweka hazina akija kufunga hesabu haziingiani, na kwenye chama hesabu zisipoingiana hakuna anayeiuliza kompyuta, anaulizwa yeye mbele ya watu. Lazima mtu aamue hiyo senti ni ya nani na uamuzi uandikwe ndani ya programu, mashine haitakuamulia. Halafu pesa zenyewe mnaziweka kwenye floti ya biti 32, aina ya namba ya desimali ambayo kompyuta huihifadhi kwa makadirio, na humo ukifika 16,777,216 ukiongeza shilingi moja unabaki na 16,777,216 ileile, onyo hakuna. Hifadhini senti kama namba kamili, basi, tusonge.

Kinachonikera hasa ni ile imani kwamba kitu kikishakubali miaka mingi kimethibitishwa. Utafutaji wa binari, njia ya kutafuta kitu kwenye orodha, tunaufundisha mapema kabisa, mistari michache tu, unaangalia katikati ya orodha iliyopangwa, unatupa nusu, unarudia. Hiyo katikati unaipata kwa (chini + juu) / 2, chini na juu zikiwa nafasi ya kwanza na ya mwisho ya sehemu unayotafuta, na nani angeshuku hapo? Mwaka 2006 mwanaprogramu Joshua Bloch aliandika wazi kwamba ule ulioko ndani ya lugha ya programu ya Java, aliouandika yeye mwenyewe, ulikuwa na kosa palepale na limekaa humo karibu miaka tisa. Inti ya Java, yaani namba kamili ya kawaida humo, inaishia 2,147,483,647, kwa hivyo orodha ikifika vitu bilioni moja na kitu, chini ukijumlisha na juu unapita huo mpaka, jumla inageuka hasi, programu inaanguka. Dawa yake ni chini + (juu - chini) / 2, basi. Tena Jon Bentley, aliyemfundisha Bloch, alikuwa ameuthibitisha wa kwake kihesabu na kuujaribu pia, na kosa lilelile likapita. Kwenye karatasi namba hazina mwisho, kwenye mashine zinao.

Kwa hivyo sikubali ule wimbo wa kwamba uthibitisho wa kihesabu unamaliza mambo. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alisema mwaka 1969 kwamba majaribio yanaonyesha makosa yapo, hayaonyeshi kwamba hayapo, na hilo tunalirudia darasani kila muhula. Lakini uthibitisho nao unasimama juu ya mambo uliyoyachukulia tu, na huwezi kuyaorodhesha yote, mimi pia siwezi.

Na kuna jambo linalonikosesha raha zaidi. Kazi za darasa kubwa tunazisahihisha kwa skripti, programu fupi ya kusahihisha, inalisha programu yako namba fulani, matokeo yakilingana unapata alama. Sasa mwanafunzi akifika mwaka wa nne anaamini "imekubali" ndiyo ukweli wote, nani alimfundisha? Ni sisi. Kusoma kila programu mstari kwa mstari ningependa, ila darasa likijaa ukumbi mzima sioni inavyowezekana, na sina hakika kuongeza namba ngumu kwenye skripti kunasaidia, wanajifunza kuibahatisha skripti tu.

Ninachoweza kufanya ni hiki: muhula ujao kila mradi utakuja na ukurasa mmoja unaosema programu yako inaanguka ukiilisha nini na kwa nini. Ukija bila huo ukurasa usiniwashie laptopu.